Hilux 3L: klachi imetolewa upepo kila wiki, rivasi bado inakwaruza, na sasa mlimani inateleza

Kabichi_Express (Mbale)

Habari zenu wakubwa. Nina Hilux ya dizeli, injini ya 3L, gia za mkono. Napanda nayo Kapchorwa na mifuko ya mbolea, nashuka na kabichi na viazi mpaka soko la Mbale. Gari ni ya kazi, si ya kanisani.

Shida ilianza msimu wa mvua. Asubuhi pedali ya klachi inazama mpaka chini, nikiipampu inapanda na gia inaingia. Makanika akalala chini ya gari, akafunua kile kifuniko cha mpira cha silinda ya chini pale kwenye giaboksi, ndani akakuta kumelowa mafuta ya breki. Tukanunua silinda mpya, akaifunga, akatoa upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye mafuta ya klachi.

Tangu hapo pedali haizami tena. Iko imara, nikiipampu haibadiliki, na kusema kweli imekuwa nyepesi kuliko nilivyozoea. Lakini namba moja inaingia kwa ubishi, na rivasi inakwaruza mpaka abiria anageuka kuniangalia. Makanika akatoa upepo tena. Na tena. Mafuta yanatoka safi, bila povu, hali ni ile ile. Mwisho akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akalegeza nati ya ile rodi inayotoka kwenye pedali, akaizungusha mpaka akaridhika. Hapo gia zote zikaingia vizuri, nikamlipa.

Sasa juzi napanda mlima wa Sipi na mzigo, injini inapiga kelele, gari haliendi, na harufu ya kuungua imejaa. Nikasimama ikapoa, ikashika tena. Mbele kidogo, vile vile. Makanika anasema tung'oe giaboksi tubadilishe pleti, presha pleti na beringi. Hela ya hivyo vyote sina kwa sasa. Wenye uzoefu mnasemaje?

---

Dreva_wa_Malaba

Hiyo pleti imekwisha ndugu yangu. Kelele bila mwendo na harufu ya kuungua, unataka ushahidi gani tena? Ng'oa giaboksi, usijipotezee muda.

---

Kijana_Arua

Kabla ya kung'oa, toa mafuta ya breki uweke yale mekundu ya steringi. Ni mazito kidogo, upepo hauingii ovyo. Huku kwetu nimeona watu wanafanya na gari linatembea.

---

Afande_Mstaafu

Kijana wa Arua, ushauri huo ufute kabla hujamponza mtu. Mipira iliyo ndani ya masta (ile pampu ya juu inayosukumwa na pedali) na silinda ya klachi imetengenezwa ifanye kazi na mafuta ya breki. Ikikutana na mafuta ya steringi, ya injini au dizeli, inavimba na kulainika. Wiki ya kwanza utasifu, maana mpira uliovimba unaziba hata pale ulipokuwa unavuja. Kisha pistoni inakwama na pedali hairudi. Na kama gari lako linatumia kikopo kimoja kwa klachi na breki, umeharibu breki pia. Jeshini gari likijazwa mafuta yasiyo yake tulikuwa tunabadilisha mipira yote pamoja na paipu za mpira. Kusafisha hakutoshi.

Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 au DOT 4 yanatosha, na hayo mawili yakichanganyika hakuna neno. DOT 5 ya silikoni ni kitu kingine, isiguse humo. Usidhani ni sawa na 5.1, ambayo jina limefanana lakini ni ya ukoo wa 3 na 4.

---

Mama_Hiace (Entebbe Road)

Nafuatilia. Teksi yangu nayo imeanza ujinga huo kwenye jam ya Kibuye.

---

Fundi_Ndeeba

Kaka wa kabichi, using'oe kitu bado. Umetaja dalili mbili zinazopingana, na waliokujibu wameshika moja tu.

Gia ikikwaruza maana yake klachi haikati, yaani pleti haijaachiwa kabisa hata ukikanyaga mpaka chini. Ikiteleza mlimani maana yake klachi haishiki, hata mguu wako ukiwa haupo kwenye pedali. Pleti iliyokwisha italeta hilo la pili, lile la kwanza si tabia yake. Kilichobadilika kati ya dalili moja na nyingine ni ile rodi iliyozungushwa. Tuanzie hapo.

Ndani ya masta ya juu kuna njia ndogo ya mafuta kurudi kwenye kikopo pedali ikiwa juu. Kwa masta nyingine ni kitundu, kwa nyingine ni vali, kazi ni moja. Njia hiyo hufunguka pale tu pistoni inaporudi mpaka mwisho. Makanika akirefusha rodi kupita kiasi, pistoni inakuwa imesukumwa kidogo muda wote, njia imezibwa. Gari likiwa baridi hutaona kitu, utafurahi tu kwamba gia zinaingia. Ukipanda mlima injini ikachemka, mafuta kwenye paipu yanapata joto, yanatanuka, hayana pa kurudi. Yanaisukuma silinda ya chini, silinda inasukuma foku, foku inasukuma beringi. Klachi inakanyagwa bila mtu kuikanyaga. Inateleza, inaungua, ukisimama ikapoa inarudi. Si ndivyo ulivyosema?

Kipimo chake hakina gharama. Ikianza kuteleza, simama mahali tambarare, weka mawe kwenye matairi, ingia chini na spana (Toyota nyingi ni namba 10 au 8), vaa glavu, legeza nipeli (kile kichuchu cha kutolea upepo) ya silinda ya chini kidogo tu kisha uifunge hapo hapo. Kama mafuta yanaruka kwa presha na hakuna mtu kwenye pedali, kisha gari likaondoka na nguvu zake, pleti yako haina hatia. Yakidondoka kwa uvivu tu, tuangalie upande mwingine.

Baada ya hapo rudisha rodi mahali pake. Urefu wa pedali kutoka sakafuni hurekebishwa kwanza, kwa ile bolti ya stopa. Rodi hufuata. Bonyeza pedali kwa kidole, usitumie mguu. Mwanzoni kabisa kuna ulegevu ambao hauna uzito wowote, hapo rodi bado haijagusa pistoni ya masta. Kwa Toyota nyingi ni milimita 1 mpaka 5 ukipimia kwenye ncha ya pedali. Ukiendelea unafika mahali uzito unapoanza, na jumla mpaka hapo ni milimita 5 mpaka 15. Hiyo ndiyo plei. Ikiwa sifuri, umeshapata mwizi wako.

Ila najua ukirudisha plei rivasi itakwaruza tena, maana rodi ilizungushwa ili kuficha shida nyingine. Ndiyo sababu nina swali: ile silinda mpya, imeandikwa namba gani mwilini? Na ile ya zamani bado unayo?

---

Dreva_wa_Malaba

Namba ya silinda inahusiana vipi na kuteleza, fundi? Silinda ni silinda.

---

Fundi_Ndeeba

Amesema pedali imekuwa nyepesi kuliko zamani. Klachi yenye upepo haiwi nyepesi na imara kwa pamoja. Inakuwa laini, inabonyea, na ukiipampu inaimarika. Yake ukiipampu haibadiliki. Ngoja ajibu kwanza.

---

Kabichi_Express (Mbale)

Fundi, nimelala chini ya gari na tochi ya simu. Silinda mpya ina maandishi yaliyochomoza kwenye chuma, 13/16. Ile ya zamani niliitupa kwenye debe la vyuma, nimeiosha kwa petroli ndipo nikaona 3/4. Kwa macho zinafanana kabisa, hata matundu ya bolti.

Na ile plei haipo. Kidole kikigusa tu, uzito uko pale pale. Nipeli nimeilegeza baada ya kupanda kidogo, mafuta yameruka mpaka kwenye shati.

---

Afande_Mstaafu

Osha hilo shati na maji mengi, na kama yamegusa rangi ya gari mwaga maji sasa hivi. Mafuta ya breki yanakula rangi.

---

Fundi_Ndeeba

Basi, imejipa jibu yenyewe.

3/4 ya inchi ni milimita 19.05. 13/16 ni 20.64. Unaweza kusema ni milimita moja na nusu tu, lakini mafuta hayajali kipenyo, yanajali eneo. Masta ya juu inasukuma mafuta kiasi kile kile kila ukikanyaga. Yakiingia kwenye silinda pana zaidi, pistoni inasogea mwendo mfupi zaidi, kama asilimia 15 pungufu. Nguvu nayo inaongezeka kama asilimia 17, ndiyo maana mguu wako umesikia wepesi. Klachi inahitaji mwendo wa kutosha ili ikate, na wewe umepunguziwa mwendo. Hapo hata ukitoa upepo mpaka Krismasi hutaponya kitu, kwa sababu upepo haupo.

Aliyekuuzia huenda hakuwa na nia mbaya. Dukani wanalinganisha kwa macho na matundu ya bolti. Ukienda kwa wauza vipuri wa Kisekka, Kampala, au popote, nenda na silinda ya zamani mkononi, soma namba ya zamani, soma namba ya mpya, ndipo utoe hela.

Hapa nina neno na mafundi wenzangu. Kutoa upepo kumekuwa kama maji ya baraka, kila pedali ikisumbua tunanyunyiza. Upepo hauzaliwi ndani ya paipu. Ukiwepo, kuna mahali umeingilia, na mahali penye mlango wa hewa mara nyingi pana unyevu. Breki inaweza kupunguza mafuta kwenye kikopo bila kuvuja, pedi zikiliwa. Klachi haina ruhusa hiyo. Klachi ya haidroliki isiyorekebishwa kwa mkono, pleti ikiliwa, pistoni ya chini inarudishwa nyuma na mafuta yanapanda kidogo kikoponi. Ukiona yanashuka, yanavuja, tafuta wapi. Funua mpira wa silinda ya chini, kisha pitisha kidole nyuma ya pedali pale rodi inapoingia kwenye ukuta wa injini. Kapeti likiwa na unyevu unaoteleza na rangi imebabuka hapo, masta ya juu ndiyo inavuja, na inavujia ndani ya gari ambako hakuna anayeangalia.

---

Mama_Hiace (Entebbe Road)

Fundi naomba unisaidie na mimi. Yangu inazama kama ya kaka ilivyoanza. Nikiwa nimekanyaga kwenye jam, namba moja imeshika, gari linaanza kujivuta lenyewe polepole na mguu uko chini. Nimeangalia chini ya gari, pakavu. Nyuma ya pedali, pakavu. Mafuta hayapungui.

---

Fundi_Ndeeba

Mama, hiyo ni masta ya juu kuvujia ndani kwa ndani. Mpira wa pistoni umechoka, mafuta yanapita pembeni yake yanarudi kikoponi. Ndiyo maana hakuna tone nje. Ukikanyaga haraka klachi inakata, ukishikilia presha inapotea taratibu na klachi inarudi kushika yenyewe. Mwambie mtu akanyage na kushikilia, wewe angalia rodi ya silinda ya chini. Ikisogea ikakaa, masta ni nzima. Ikisogea kisha ikaanza kurudi na mguu wake haujatoka, badilisha.

Kama masta inafunguka, unaweza kununua mipira peke yake, lakini kwanza pitisha kucha ndani ya silinda. Kucha ikikwama kwenye mchubuko au kitundu cha kutu, nunua nzima, mpira mpya utakatwa hapo hapo. Mpira upakwe mafuta ya breki wakati wa kuingiza, grisi ya kawaida hapana, na mdomo wake uangalie upande wa presha.

Na huo mguu kwenye jam, mama yangu, weka gia huru uutoe. Beringi ya klachi inazunguka na kubanwa muda wote uliokanyaga.

---

Mama_Hiace (Entebbe Road)

Hapo Kibuye ukiweka huru boda tatu zimeshakuingilia mbele! Lakini nimesikia.

Kutoa upepo nikishabadilisha, dereva wangu anasema pedali ikilala chini hairudi, na tuko wawili tu. Kuna njia nyingine? Jirani yangu anatumia bomba la sindano kutoka duka la dawa, anasukumia kutoka chini.

---

Fundi_Ndeeba

Jirani yako anajua. Hewa inataka kupanda juu, sisi kwa pedali tunailazimisha ishuke mpaka kwenye nipeli ya chini. Kusukumia kutoka chini ni kuiacha iende inakotaka. Mambo ya kuangalia: punguza mafuta kikoponi kwanza yasimwagike kwenye rangi, safisha kikopo maana uchafu wote utaelea huko, jaza bomba na mpira wake mpaka pasiwe na hewa hata tone, ndipo ulegeze nipeli. Sukuma polepole. Utaona mapovu yakitokea juu. Bomba lenyewe litupe baada ya kazi, mpira wake hauhimili mafuta haya.

Njia ya watu wawili ni ile ya kawaida. Kikopo kimejaa, mpira wa uwazi kwenye nipeli, ncha nyingine imezama kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Aliye juu anakanyaga taratibu mara kadhaa kisha anashikilia chini. Aliye chini analegeza nipeli, mafuta na mapovu yanatoka, anafunga, NDIPO anasema achia. Mkikosea mpangilio huo mnavuta hewa mpya kila mara. Pedali ikilala chini, ivute kwa mkono, ni kawaida mwanzoni. Kikopo kisiruhusiwe kukauka katikati, mtaanza upya.

Na angalia silinda imekaaje. Nipeli lazima iwe juu ya pistoni. Nimeona silinda imefungwa kichwa chini, nipeli iko chini na povu limejikalia raha mustarehe juu. Ikishindikana, fungua bolti mbili za silinda bila kufungua paipu, ishike nipeli ikiangalia juu, sukuma rodi yake ndani taratibu kwa mkono, mapovu yarudi kikoponi. Wakati huo mtu asiguse pedali, pistoni itaruka nje.

---

Kijana_Arua

Afande, nimefuta ule ushauri kichwani. Lakini mtu akinunua gari mkononi, atajuaje kilichomo kikoponi ni nini?

---

Afande_Mstaafu

Swali zuri kijana. Chukua glasi ya maji, dondosha matone ya yale mafuta. Ya DOT 3 na DOT 4 yanachanganyika na maji, yanapotea. Ukiona yanaelea au yanatengeneza duara za mafuta juu, kuna kitu kigeni humo. Silikoni nayo haichanganyiki na maji.

Hiyo tabia ya kupenda maji ndiyo udhaifu wake pia. Yanafyonza unyevu wa hewa. DOT 3 mpya haichemki kabla ya nyuzi 205, ikishanyonya maji kiwango kinachokubalika ni nyuzi 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. Kwa hiyo kopo lililofunguliwa likakaa wazi karakanani msimu mzima si mafuta tena. Na ukiona muuzaji amekupimia kwenye chupa ya maji ya kunywa, mwachie.

---

Dreva_wa_Malaba

Nimekaa kimya nasoma. Fundi, kama silinda ikiwa sawa na upepo umetoka na bado haikati? Nina jamaa yangu lori lake lilikuwa hivyo.

---

Fundi_Ndeeba

Basi fuata mwendo unapopotelea, kutoka mguuni kwenda chini. Kwa gari la zamani naanzia kwenye pini inayounganisha pedali na rodi. Itoe uitazame: ikiwa imeliwa upande mmoja na tundu limekuwa yai, umepoteza mwendo kabla masta haijaguswa. Angalia pia ukuta ulioshika masta kama umepasuka, mtu akanyage wewe utazame masta kama inasogea yenyewe. Kisha paipu ya mpira, ishike mkononi akikanyaga. Ukiisikia inavimba, inakunywa mwendo wako. Mwisho ni rodi ya silinda ya chini. Ikisogea milimita 5 au 6 tu shida iko juu yake. Ikisogea vizuri na klachi haikati, hapo sasa shida iko ndani: foku, vidole vya presha pleti, au pleti imeshikana na shafti kwa kutu. Hapo ndipo nakubali giaboksi ing'olewe.

Na yale magari ambayo silinda ya chini imo ndani ya giaboksi, ikizunguka shafti, yakivuja hakuna ujanja, giaboksi lazima itoke. Tushukuru Hilux ya mwenzetu yake iko nje.

---

Kabichi_Express (Mbale)

Wakubwa, mrejesho. Silinda ya 3/4 nimeipata, nimeipima kabla ya kulipa mpaka mwenye duka akacheka. Tumeifunga, tumetoa upepo kwa njia ya watu wawili, rodi imerudishwa, plei ipo. Pini ya pedali nayo ilikuwa imeliwa, nimebadilisha, ni hela kidogo sana. Pedali imerudi uzito wake wa zamani. Rivasi inaingia kimya. Nimepanda Sipi na mbolea, haijateleza.

Ninachoogopa ni ile harufu ya juzi. Pleti itakuwa imeungua kiasi gani?

---

Fundi_Ndeeba

Pima. Handibreki juu, mawe kwenye matairi, mbele pasiwe na mtu. Weka namba nne, ongeza moto kidogo, achia klachi kama unayeondoka. Injini ikizima papo hapo, pleti inashika. Ikiendelea kunguruma, imekwisha. Fanya mara moja tu, ukirudia rudia unaimaliza mwenyewe.

Halafu pima inapokatia. Injini inanguruma taratibu, gari limezuiwa, bila kukanyaga sogeza gia kuelekea rivasi mpaka usikie meno yanaanza kugusana. Usilazimishe. Sasa kanyaga polepole mpaka mlio uishe, shikilia hapo, pima kutoka hapo mpaka pedali inapofika mwisho. Toyota wanataka milimita 25 au zaidi.

---

Kabichi_Express (Mbale)

Imezima papo hapo. Na ile nyingine nimepata 31 kwa rula ya mtoto wa shule. Fundi, ukifika Mbale kabichi zako ziko tayari.

---

Dreva_wa_Malaba

Nakubali, pleti haikuwa imekwisha. Fundi, lori lenye silinda ya klachi inayosaidiwa na upepo wa kompresa, utaratibu ni huu huu?

---

Fundi_Ndeeba

Si huu huu. Fungua uzi mwingine, uweke picha ya silinda yenyewe na useme tangi la upepo linajaa au halijai.